Sauti ya televisheni nyumbani: Nunua ya kusikika, siyo ya kuvuma

Televisheni si kitu kigeni tena kwetu. Zamani huku Bara haikuwapo. Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, lakini Bara tulisubiri mpaka mwaka 1994, ITV ilipoanza kurusha matangazo. Televisheni ya taifa ilifuata mwaka 2000. Leo ukisafiri ndani ya mkoa wa Simiyu, kutoka Mwanhuzi mpaka Lamadi, utaona madishi juu ya mapaa ya bati. Wengine wanatumia umeme wa TANESCO, wengine sola.

Lakini kuna jambo linasumbua nyumba nyingi. Picha inang'aa vizuri, rangi zote zinaonekana, ila maneno hayasikiki. Taarifa ya habari inasomwa, bibi anauliza, "Amesemaje?" Watoto wanaongeza sauti. Bibi anauliza tena, "Amesemaje?" Baba anaona dawa ni kununua sabufa kubwa. Sabufa inaletwa, inadunda mpaka vikombe vinacheza kabatini. Na bibi bado anauliza, "Amesemaje?"

Hapo pesa imekwenda na shida imebaki. Na pesa yenyewe kwa watu wengi wa Bariadi ni ya pamba. Ni jasho la kulima, kupalilia, kupulizia dawa na kuchuma. Haifai kuitupa kwa kitu kinachovuma tu. Kwa hiyo leo tunataka kueleza namna ya kuchagua chombo cha sauti kwa ajili ya televisheni ya nyumbani. Tutaeleza kinavyofanya kazi, namna ya kusoma maandishi yake, na namna ya kukipanga chumbani.

KWA NINI TELEVISHENI MPYA ZINA SAUTI HAFIFU?

Wengi wetu tunazikumbuka televisheni za chogo. Zilikuwa nene na nzito. Ndani yake mlikuwa na nafasi, na mara nyingi spika ilikaa mbele au ubavuni, ikimtazama mtu. Televisheni za leo ni bapa. Nyingine ni nyembamba kama vidole viwili au vitatu. Spika zake ni ndogo, na mara nyingi zimewekwa chini au nyuma. Badala ya sauti kumwendea msikilizaji, inakwenda mezani au ukutani kwanza, ndipo irudi chumbani. Ikirudi imechoka na imechanganyika.

Kwa hiyo ukisikia sauti ya televisheni yako ni mbaya, usikimbilie kusema ni mbovu au ni ya bandia. Hata televisheni ya bei kubwa inaweza kuwa na sauti dhaifu kwa sababu ya wembamba wake.

Kabla ya kutoa pesa mfukoni, jaribu hili kwanza. Chukua rimoti, fungua sehemu ya sauti. Televisheni nyingi zina chaguo la sauti ya maongezi. Tafuta neno SPEECH, VOICE au NEWS. Ukilichagua, maneno yatasikika zaidi kuliko mdundo. Halafu sogeza televisheni isiwe ndani ya kabati au kona. Pengine shida itaisha bila gharama yoyote.

MASIKIO MAWILI, SPIKA MBILI

Binadamu ana masikio mawili. Ukienda kwenye ngoma, Bagika wako upande huu na Bagalu upande ule, unaweza kufumba macho na bado ukajua kila ngoma inapigwa upande gani. Sauti inayotoka kushoto hufika sikio la kushoto mapema kidogo na kwa nguvu zaidi. Ubongo unapima tofauti hiyo ndogo, unajua mahali.

Huo ndio msingi wa stirio. Stirio ni sauti ya pande mbili, kushoto na kulia, na kila upande una spika yake. Aliyelishughulikia jambo hili mapema ni mhandisi wa Uingereza, Alan Blumlein. Mwaka 1931 aliomba haki ya uvumbuzi wake huko London. Inasimuliwa kwamba alikwenda sinema, akaona mwigizaji anatembea upande mmoja wa pazia, lakini sauti yake inatoka upande mwingine. Akaona hilo si sawa, sauti inapaswa kumfuata mtu anayeonekana.

Kwa televisheni maana yake ni hii. Mpira ukipigwa kutoka kushoto kwenda kulia, kelele za watazamaji zinaenea pande zote mbili. Msomaji wa habari, kwa sababu sauti yake hutoka sawasawa kwenye spika zote mbili, anasikika kama yuko katikati, pale pale penye picha yake. Hii ni kweli ikiwa spika zimepangwa vizuri. Zikipangwa ovyo, stirio haina maana.

Tusisahau pia kwamba spika moja nzuri inaweza kufanya kazi kubwa. Mwaka 1973, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 nchini walisikiliza masomo ya redio katika vikundi. Redio ilikuwa moja kwa kikundi, na spika moja ndani yake. Waliweza kusikia kwa sababu walikaa karibu na redio, nayo ilitoa maneno safi. Somo hilo bado linatufaa.

MANENO YANAKAA WAPI NDANI YA SAUTI?

Hapa ndipo penye siri yenyewe. Sema maneno haya taratibu: pita, pika, piga, pima. Irabu ni zile zile, i na a. Kinachotofautisha ni herufi moja ya katikati: t, k, g, m. Ukikosa kuisikia hiyo, hujui kama umeambiwa upite, upike, upige au upime. Sasa fikiria mtu anataja bei, na wewe umesikia "mia" tu, hukusikia kama ni mia tatu au mia sita.

Irabu zina nguvu na huwa nzito zaidi. Konsonanti kama s, sh, f, t na k ni sauti nyembamba, fupi na dhaifu. Mdundo mzito wa sabufa ukizidi, unazifunika. Ndiyo maana nyumba inaweza kutikisika na mtu asisikie neno. Wazee ndio wanaoumia zaidi, kwa sababu umri ukienda, masikio hupoteza kwanza sauti nyembamba.

Kwa hiyo shika hili: mdundo haufanyi maneno yasikike. Mdundo ni mzuri kwa muziki na filamu, kwa kiasi. Maneno yanahitaji spika ndogo zilizo safi, zinazomtazama msikilizaji.

VYOMBO VIPO VYA AINA GANI?

Madukani utakuta aina hizi:

1. Sabufa yenye spika ndogo. Hii ndiyo inayojulikana zaidi kwetu. Kuna boksi moja kubwa la mdundo na spika ndogo kadhaa. Utaona namba kama 2.1, 3.1 au 5.1. Namba ya kwanza ni idadi ya spika ndogo. Namba 1 ya mwisho ni lile boksi la mdundo. Wengi hudhani 5.1 lazima iwe bora kuliko 2.1. Siyo lazima. Kama king'amuzi chako kinatoa sauti ya pande mbili kwa nyaya mbili, spika tano zitagawana pande hizo hizo mbili. Kwa sebule ndogo, 2.1 yenye spika nzuri inatosha kabisa.

2. Saundiba. Ni spika ndefu kama rula kubwa, inakaa chini ya televisheni. Ndani yake mna spika za kushoto na kulia. Haichukui nafasi, haina nyaya nyingi, na maneno yake mara nyingi ni safi. Upungufu wake ni kwamba pande mbili ziko karibu mno, hivyo stirio yake ni finyu. Ikiharibika, uliza kwanza kama fundi wa karibu anaiweza.

3. Amplifaya na spika mbili za boksi. Amplifaya ni mashine ya kuikuza sauti. Unaweza kuweka spika mbali kadiri unavyotaka. Kwa stirio ya kweli hii ni nzuri sana. Spika moja ikifa, unabadili hiyo moja tu. Lakini inahitaji nafasi na uangalifu wa nyaya.

4. Redio ya zamani yenye spika mbili. Usiidharau! Kama nyuma au mbele ina tundu lililoandikwa AUX au LINE IN, inaweza kupokea sauti ya televisheni. Huenda chombo unachokitafuta dukani kipo chini ya kitanda chako, kimefunikwa vumbi.

Zipo pia spika kubwa za mikutano na harusi. Mwaka 2018 maonyesho ya Nane Nane kitaifa yalifanyika viwanja vya Nyakabindi, wilayani Bariadi. Uwanja kama ule unahitaji spika kubwa. Sebule ya hatua nne haihitaji. Spika ya uwanjani ukiileta sebuleni, ni kama kuchota maji ya kunywa kwa pipa.

USIDANGANYWE NA WATI

Sasa tufike dukani. Kwenye maboksi huandikwa namba kubwa za kutisha: wati 5,000, wati 8,000, wati 12,000. Hebu tusikilize mazungumzo haya ya mfano.

MUUZAJI: Shikamoo mzee, karibu.

MNUNUZI: Marahaba, kijana wangu. Hii sabufa ina nguvu kiasi gani?

MUUZAJI: Hii ni moto wa kuotea mbali, mzee. Wati 8,000!

MNUNUZI: Haya. Igeuze nyuma tusome.

MUUZAJI: Nyuma hakuna kitu, mzee. Ni maandishi ya kiwandani tu.

MNUNUZI: Hayo hayo ndiyo nayataka. Hapa pameandikwa 220-240V, 50Hz, 60W. Hii 60W ni nini?

MUUZAJI: Aah, hizo ni wati za umeme inazokula.

MNUNUZI: Inakula wati 60, halafu inatoa wati 8,000? Ng'ombe gani huyo, anywe kikombe cha maji, atoe pipa la maziwa?

MUUZAJI: (Anacheka) Mzee wangu, wewe umesoma.

MNUNUZI: Basi tuzungumze bei ya wati 60, siyo bei ya wati 8,000.

Mzee huyu amefanya jambo la maana. Amesoma kibandiko cha nyuma. Herufi V ni volti, yaani msukumo wa umeme. Umeme wetu wa majumbani ni volti 230. Hz ni hezi, na ya kwetu ni 50. W ni wati, yaani kiasi cha umeme ambacho mashine inatumia. Mashine haiwezi kutoa nguvu nyingi kuliko inayopokea. Nyingine hugeuka joto, ndiyo maana ukiigusa baada ya muda unaikuta ya moto.

Zile wati 8,000 mara nyingi zimeandikwa pamoja na herufi PMPO. Ukiziona herufi hizo, jua ni namba ya kuvutia wateja. Tafuta herufi RMS. Namba iliyo karibu na RMS ndiyo wati ambazo mashine inaweza kuzitoa mfululizo bila kukwama. Kwa sebule ya mita 3 kwa mita 4, wati 10 mpaka 20 za kweli kwa kila spika zinatosha na kubaki.

Na jambo jingine. Wati zikiongezeka maradufu, sauti haiwi maradufu masikioni. Ukitoka wati 20 kwenda wati 40, sikio linasikia nyongeza kidogo tu. Ili sikio lione kwamba sauti imekuwa mara mbili, zinahitajika wati karibu mara kumi, yaani kama 200. Basi kulipa bei mbili kwa ajili ya wati mara mbili si biashara nzuri. Ni rahisi zaidi kusogeza kiti karibu na spika.

JARIBU KABLA YA KULIPA

Usinunue mbuzi kwenye gunia. Mwambie muuzaji awashe, na ufanye hivi:

1. Omba taarifa ya habari au mahubiri au hotuba, siyo muziki. Muziki unaficha makosa.

2. Punguza mdundo kwa kitufe kilichoandikwa BASS. Rudi nyuma hatua tatu. Sauti iwe ya chini. Je, unasikia kila neno? Unasikia namba zinazotajwa?

3. Sasa ongeza sauti mpaka robo tatu. Je, inakwaruza? Boksi linatetemeka kama debe lenye mawe? Hiyo achana nayo.

4. Simamisha kipindi, lakini acha mashine inawaka. Sogeza sikio. Mngurumo kidogo si kitu. Mngurumo unaosikika ukiwa hatua tatu ni kasoro, ingawa pengine ni waya tu. Mwambie abadili waya, usikilize tena.

5. Sikiliza kila spika peke yake. Zote ziwe na sauti sawa.

6. Kama unaweza, nenda na mzee wa nyumbani. Yeye akisikia, wote mtasikia.

Ukiridhika, dai risiti na dhamana iliyoandikwa. Dhamana ya mdomo hupotea njiani kabla hujafika nyumbani.

HESABU YA UMEME NA SOLA

Tuchukue mfano. Sabufa ya wati 60 ikiwashwa saa 5 kila siku, inaweza kutumia:

60 x 5 = 300 kwa siku.
300 x 30 = 9,000 kwa mwezi.

Yuniti moja ya LUKU ni wati 1,000 kwa muda wa saa moja. Basi 9,000 gawanya kwa 1,000 ni yuniti 9. Chukua risiti yako ya LUKU, gawanya pesa uliyolipa kwa yuniti ulizopata, utajua yuniti moja ni shilingi ngapi. Zidisha kwa 9. Hiyo ni gharama ya juu kabisa. Kwa sauti ya chini mashine hula pungufu ya hapo.

Kwa mwenye sola hesabu ni ya lazima zaidi. Mfano, una betri ya volti 12 yenye maandishi 50Ah. Zidisha 12 x 50 unapata 600. Lakini betri ya risasi na asidi haifai kuimaliza. Tumia nusu tu, yaani 300, la sivyo itakufa mapema. Sasa orodhesha matumizi ya jioni ya saa 4:

Televisheni wati 40 x 4 = 160
Sabufa wati 30 x 4 = 120
Taa mbili za wati 5, yaani 10 x 4 = 40

Jumla ni 320. Umepita kiasi kwa 20, na king'amuzi hatujakitaja. Mwenye betri hii afadhali atafute chombo cha sauti cha wati 10 au 15, na kikiwa kinatumia volti 12 moja kwa moja ni vizuri zaidi, maana inveta nayo hula umeme. Watoto wakisoma kwa taa ya sola, taa itangulie, sauti ifuate.

TUNDU LIPI LA NYUMA?

Wengi hununua chombo kizuri, wakifika nyumbani waya hauingii. Kabla ya kwenda dukani, geuza televisheni yako na uandike kwenye karatasi matundu uliyoyaona. Karatasi hiyo uende nayo.

Matundu mekundu na meupe. Nyekundu ni upande wa kulia, nyeupe ni upande wa kushoto. Njano ni ya picha, haina kazi kwa spika. Tazama kama pameandikwa AUDIO OUT. Neno OUT maana yake sauti inatoka. Neno IN maana yake inaingia. Ukichomeka kwenye IN ya televisheni utasubiri mpaka asubuhi.

Tundu dogo la mviringo lenye picha ya spika za masikioni. Hili nalo hutoa sauti. Nunua waya wenye pini moja upande huu, na nyekundu na nyeupe upande ule.

Tundu dogo la pembe nne lililoandikwa OPTICAL. Hapa sauti inapita kwa mwanga badala ya umeme. Lifae tu kama chombo chako kina tundu kama hilo. Kama umeunganisha na hakuna sauti, ingia sehemu ya sauti kwa rimoti uchague PCM.

Tundu bapa lililoandikwa HDMI ARC. Saundiba nyingi hutumia hili. Lazima liwe na herufi ARC pande zote mbili.

Bluetooth. Hii haina waya. Ni rahisi, lakini wakati mwingine sauti huchelewa. Unaona midomo imeshafunga, neno ndiyo kwanza linafika. Kwa televisheni, waya ni bora.

Na kama televisheni yako haina tundu hata moja la kutolea sauti? Tazama king'amuzi. Ving'amuzi vingi vina matundu mekundu na meupe. Picha iende kwenye televisheni, sauti iende moja kwa moja kwenye sabufa. Kisha nyamazisha spika za televisheni.

KUPANGA SPIKA NA CHUMBA

Kazi hii haina gharama, nayo inaweza kuleta tofauti kubwa kuliko kununua chombo cha bei mbaya.

Weka spika moja kushoto na moja kulia mwa televisheni, umbali sawa kutoka katikati. Kama kati ya spika na spika ni mita 2, basi mkae mita 2 au 2 na nusu mbele yake. Mtengeneze pembetatu. Spika ziwe kimo cha masikio ya mtu aliyekaa. Usiziweke juu ya kabati, wala sakafuni nyuma ya makochi. Wengine wanaziweka zote mbili upande mmoja, moja juu ya nyingine! Hiyo si stirio tena.

Boksi la mdundo likae chini, lakini siyo kwenye kona. Kona huongeza mdundo, na maneno yatafunikwa.

Nyaya za spika zina rangi mbili. Nyekundu iende kwenye nyekundu, nyeusi kwenye nyeusi, spika zote mbili. Ukigeuza moja, spika hii inasukuma hewa wakati ile inavuta. Mdundo unapotea, na sauti ya mtu inakuwa haina mahali.

Sasa tazama chumba. Nyumba zetu za zamani za msonge zilikuwa na paa la nyasi, na nyasi hunywa sauti. Nyumba za sasa zina kuta za plasta, sakafu ya saruji na bati juu. Hizo hurudisha sauti kama ukuta unavyorudisha mpira. Kila neno linagongana na mwangwi wa neno lililopita. Dawa yake ni vitu laini: pazia zito, mkeka au zulia, makochi yenye vitambaa. Dari likiwekwa linasaidia zaidi, na hupunguza kelele za mvua kwenye bati. Usiache sebule tupu ukalaumu spika.

MASIKIO, MAJIRANI NA RADI

Sikio likiharibiwa na kelele halishonwi. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtu mzima anaweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kwa watoto ni desibeli 75. Desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti. Nyumbani hatuna chombo cha kupimia, lakini ipo njia rahisi. Kama inabidi upaaze sauti ili asikie mtu aliye urefu wa mkono kutoka kwako, kelele imezidi. Masikio yakivuma baada ya kuzima, ni onyo hilo. Watoto wasilale wala kucheza mbele ya spika.

Na kama kuna mtu nyumbani anayedai kila mara sauti iongezwe, msimkaripie. Mpelekeni hospitali akapimwe masikio. Pengine ni nta tu imeziba. Wakati huo huo, mpeni kiti cha mbele, karibu na spika.

Jirani naye ana haki ya kulala. Nchi yetu ina Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na kelele ni mojawapo ya mambo yanayodhibitiwa chini yake. Lakini kabla ya sheria kuna ujirani mwema. Mdundo mzito hupenya ukuta kuliko maneno. Ukipunguza BASS usiku, wewe utasikia na jirani atalala.

Mwisho, usalama. Kanda yetu ya Ziwa ina radi nyingi. Mvua ikijitayarisha, chomoa plagi na waya wa dishi mapema, usingoje ngurumo iwe juu ya paa. Kuzima kwa rimoti hakutoshi. Usirundike televisheni, sabufa, pasi na friji kwenye ekstensheni moja. Usifunike mashine kwa kitambaa cha kudarizi inapowaka, kwa sababu inahitaji hewa. Angalia panya, wanapenda kutafuna nyaya.

YA KUKUMBUKA

Debe tupu haliachi kuvuma. Chombo kizuri cha sauti ni kile kinachomfikishia kila mtu maneno, kwa umeme mnaoumudu, ndani ya chumba mlicho nacho. Jaribu kwanza ulichonacho. Soma kibandiko cha nyuma. Sikiliza maneno kabla ya mdundo. Panga spika kwa pembetatu. Kujua kusoma na kuhesabu kunaokoa pesa, hata dukani penye kelele.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini mdundo mkubwa unaweza kuzuia maneno yasisikike?

2. Sabufa imeandikwa wati 10,000 PMPO mbele na 50W nyuma. Utamwambia nini muuzaji?

3. Betri ya volti 12 na 100Ah ina kiasi gani cha umeme wa kutumia bila kuiharibu? Orodhesha vyombo vya nyumbani kwako uone kama inatosha.

4. Chora sebule yako. Onyesha televisheni, spika na viti vinavyokaa sasa. Kisha chora upya jinsi vinavyofaa kukaa.